Chokoleti ya Jepleting, Waini ya Mzee Kibii

Mashine ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Bondeni wakisimulia habari za Jepleting huwa wanaanza na chokoleti, kana kwamba hiyo chokoleti ilijisaga yenyewe. Mashine ya kusaga njugu, iliyo kwa kibanda changu hapo karibu na nyumba za zamani za kaunsil, niliinunua mimi Mama Kahiga kwa jasho langu, na ndiyo iliyosaga kila kitu mtakachosikia hapa. Sasa tuendelee.

Jepleting alinijia mchana mmoja na gunia dogo begani. Alikuwa ameacha kazi ya kuoka keki kwa hoteli moja hapa mjini. Hakufutwa, aliacha tu, na alitaka nimsagie mbegu za kakao. Mimi kakao niliyoijua ni ile ya kopo, unakoroga na maziwa moto. Nikamwambia, "Madam, hapa tunasaga njugu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Njugu iko na mafuta, na hii iko na mafuta."

Nikakataa. Kesho yake akarudi, nikakataa tena. Siku iliyofuata nikamkuta amefika kabla yangu, amekalia gunia lake nje ya kibanda, anakula mandazi bila wasiwasi. Huyo ndiye Jepleting. Ukimfungia mlango anakaa hapo nje mpaka uchoke kuufunga.

Kakao yenyewe ilitoka Uganda. Madereva wa malori wakitoka mpakani hupumzika Salgaa, wanakula, wanaoga, na mmoja wao alizoea kumletea gunia nyuma ya kiti chake. Kwao Jepleting ni hapo mbele ya Salgaa, unaacha lami na kuteremka upande wa Rongai, kwa hivyo watu wa barabara hiyo anawajua. Alikaanga mbegu kwa sufuria nzito, akazipepeta kwa ungo maganda yatoke, kisha akaja kwangu alasiri nikishamaliza njugu zangu. Chokoleti ya kwanza ilikuwa na ladha ya njugu tupu. Basi akafungua mashine yangu yote, akafuta kila kipande kwa kitambaa, na mimi nimesimama juu yake nikipiga kelele kwamba akipoteza hata nati moja atanitambua. Hakupoteza. Alipomaliza akaniambia, "Washa mashine," kana kwamba mimi ndiye nilikuwa nimeajiriwa.

Akapata wateja. Mkubwa wao alikuwa shefu Okeyo, anayepika kwa hoteli moja ya kitalii kule ziwa Elementaita, upande wa Gilgil. Jumamosi alasiri wageni wake wanakaa wakitazama ndege wa ziwani, wanapewa vipande vya chokoleti na vigilasi vya waini, kila chokoleti na waini yake. Nikauliza, kwani ni lazima? Mtu si anywe kwanza halafu ale? Jepleting akaniambia hivyo vitu viwili vinakutana mdomoni, na visipopatana vinagombana humo humo ndani. Nilicheka sana, kwa sababu nilikuwa sijaonja bado.

Sasa shida yenyewe. Baba yake, Mzee Kibii, alifanya kazi miaka mingi kwa shamba la zabibu huko Naivasha. Alipoacha kazi hiyo, Jepleting akiwa msichana mdogo wa shule, alirudi nyumbani na vijiti vya mizabibu vimefungwa kwa gunia lililoloweshwa maji, akavipanda mahali ambapo majirani wote wanapanda mahindi. Walimcheka. Vijiti vikashika. Akajenga stoo ya mawe nyuma ya nyumba, akatafuta mapipa, akatafuta kibali, akaanza kutengeneza waini yake. Kitu kimoja tu kilikosekana, mtu wa kuinywa. Ilikuwa kali! Jepleting husema haikuwa mbaya, ilikuwa kavu, haina sukari hata chembe, inakwaruza ulimi. Sisi watu wa huku tunapenda tamu. Tukipewa hiyo tunaongeza soda, na Mzee Kibii aliwahi kumfukuza mgeni kwa harusi ya mpwa wake kwa sababu ya hiyo soda.

Mwaka jana mzee akaugua kifua, akalazwa. Alipotoka hospitali alikuwa amekonda, koti linamvaa badala ya yeye kulivaa. Kimutai, kaka yake Jepleting, ambaye ana trekta na analimia watu mashamba, akasimama mbele ya familia yote akasema, "Baba, imetosha. Kabla ya mvua nang'oa hii miti, tupande mahindi." Ni Jepleting aliyejibu.

"Hiyo mizabibu haing'olewi."

"Na hiyo waini nani atakunywa?"

"Nitamtafuta."

"Haya," Kimutai akasema. "Ukipata mtu wa kuichukua kabla sijaleta trekta, sitagusa hata jani. Usipopata, usinililie."

Haya yote Jepleting alinisimulia akipangusa mashine. Nikamwuliza anajitesea nini, mahindi si ni chakula? Akaweka kitambaa chini. "Mama Kahiga, mimi nimelelewa chini ya hiyo mizabibu. Baba alikuwa ananifunga macho na leso, ananipa jani, ananipa udongo, ananipa zabibu mbichi, ananiuliza hii ni nini. Kila kitu ninachojua kufanya na huu mdomo nilikitoa huko. Wakiing'oa wamemng'oa na baba."

Akaenda kwa Okeyo na chupa ya baba yake. Shefu akaonja, akakunja uso, akasema, "Dada, hii peke yake siwezi kuwapa wageni. Lakini nitafutie chokoleti yako itakayokaa nayo vizuri, nionje zote mbili pamoja. Zikipatana, naiweka kwa menyu." Kisha akamwonya kitu kimoja, kwamba chokoleti ikiizidi waini kwa utamu, waini inageuka siki mdomoni. Kwa hivyo waini ndiyo inafaa iwe tamu zaidi.

"Si hiyo ni rahisi," nikamwambia Jepleting. "Baba yako aweke sukari."

Akanitazama kwa huruma. Lakini tulienda. Nilienda mimi mwenyewe na njugu za zawadi, nikisema mtu mzima atasikiza mtu mzima mwenzake. Mzee Kibii alikuwa amekaa mbele ya nyumba akiota jua. Mkewe, Mama Kimutai, akatuletea chai ya maziwa. Nikamweleza mzee jambo langu kwa heshima zote. Akamaliza kikombe chake kwanza.

"Nikitaka soda," akasema, "nitanunua soda."

Mama Kimutai, aliyekuwa anaongeza chai, akauliza, "Na ile yangu? Mmeonja ile yangu?"

"Hiyo ni ya kuzimia moto," mzee akasema, na mama akaenda zake na birika.

Njiani nikataka kujua ni ipi hiyo. Jepleting akanieleza. Wakati mzee amelazwa, safu za mwisho zilikuwa hazijachumwa, zabibu zimeiva mno na ndege wanazimaliza. Mama Kimutai hajui waini. Ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, hajawahi kuweka pombe mdomoni, na hiyo stoo ya mawe hajawahi kuitia mguu. Lakini si mtu wa kuacha chakula kioze. Akafanya kama anavyofanya na mahindi ya mbegu kila mwaka. Huku kwetu unachagua mahindi mazuri yakiwa bado kwenye magunzi, unayafunga mawili mawili, unayatundika darini juu ya moto wa jikoni, moshi unayakausha na wadudu hawayagusi mpaka msimu wa kupanda. Basi akafunga vichala viwili viwili, akavitundika hapo juu ya moto, vimngojee mwenyewe.

"Baba alipotoka hospitali akakuta zabibu zake zimesinyaa, zimekuwa nyeusi, zinanuka moshi," Jepleting akasema. "Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mama alimwambia neno moja tu, 'Nilikuwekea.' Baba akazikamua hivyo hivyo kwa hasira, zikatoa pipa dogo, akalisukuma nyuma ya mlango wa stoo. Hajaliangalia tena."

"Na wewe umeionja?"

"Baba alisema imeharibika."

Yaani hata yeye, na huo mdomo wake wote wa kujivunia, baba akisema kitu kimeharibika basi kimeharibika. Sikuona ajabu wakati huo. Hata mimi ningesema hivyo, nani anakunywa moshi?

Tukaanza kazi. Kila alasiri kibanda changu kilinuka kakao mpaka wateja wa njugu wakalalamika. Niliongea na Mungu wangu vizuri, nikamwambia hii ni kazi, si anasa, kisha nikaonja. Chokoleti ya maziwa ikaigeuza waini ya mzee kuwa siki, Okeyo hakudanganya. Ile nyeupe ikanipaka ulimi mafuta na waini ikapita hapo juu bila kushika. Ile nyeusi, woi! Uchungu juu ya uchungu, mdomo ukanikauka kama nimetafuna ndizi mbichi na ganda lake. Jepleting akajaribu na tangawizi, na pilipili, na kahawa ya kusagwa. Akakaanga kakao kidogo, akakaanga sana. Akaweka njugu zangu na chumvi kidogo, na hiyo ilikaribia, nasema ukweli, si kwa sababu njugu ni zangu. Yeye akatikisa kichwa.

"Imekaribia tu," akasema. "Haijakaa."

"Jepleting, mimi nimechoka. Ulimi wangu umechoka. Nikila ugali naona kama ni kakao."

"Washa mashine."

"Haki ya nani wewe mtoto una kichwa ngumu!"

"Mama Kahiga. Washa mashine."

Nikawasha. Ningefanyaje? Alikuwa amepungua mwili, macho yamemtoka, lakini sikumwona hata mara moja akikaa chini na kushika tama. Tulirudi kwao kuchukua chupa zingine, na tena Mama Kimutai akauliza tukiwa mlangoni, "Na ile yangu?" Jepleting akamjibu, "Mama, ngoja kwanza," na mimi nikapita na chupa zangu bila hata kusimama.

Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya mlima wa Menengai. Kimutai akapiga simu, Jumamosi analeta trekta, watu wameshaanza kulima na hawezi kungoja zaidi. Jepleting akakata hiyo simu, akampigia Okeyo papo hapo, akamwalika nyumbani kwao Jumamosi hiyo hiyo.

"Una nini cha kumpa?" nikamwuliza.

"Sina."

"Sasa anakuja kula nini?"

"Aje tu. Akinikuta bado natafuta, basi atanikuta natafuta. Lakini sitakaa Bondeni wakati trekta iko kwetu."

Jumamosi asubuhi tulikuwa mbele ya nyumba ya Mzee Kibii. Jepleting alikuwa amepanga meza, vipande vya chokoleti kwa sahani, vya maziwa, vyeupe, vyeusi, vya njugu, na chupa za baba yake zimepangwa kando. Kimutai alikuwa ameegesha trekta getini, amekaa juu yake anachezea simu. Sikumchukia. Ni mtu alikuwa anahofia afya ya baba yake, na anajua kulima. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia.

Okeyo akafika. Akasalimia watu wote kwa mkono, akakaa, akaonja. Chokoleti, waini, maji. Chokoleti, waini, maji. Alionja kila kitu bila haraka, na kwa ile ya njugu akarudia mara ya pili. Halafu akaweka gilasi chini.

"Dada, pole," akasema. "Umejaribu sana. Mzee, samahani. Hii waini inataka nyama choma, haitaki chokoleti."

Mzee Kibii akaitikia kwa kichwa tu. Jepleting hakusogea. Kimutai akaweka simu mfukoni, akashika funguo, na nilihisi kulia, mimi ambaye si ukoo wao, kwa sababu niliona vile mzee aligeuka kuitazama mizabibu kama mtu anayeaga.

Hapo ndipo Mama Kimutai akatokea upande wa stoo. Upande wa stoo, mnanisikia? Alikuwa ameshika kikombe cha bati, kile cha chai, kwa mikono miwili, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa na utando wa buibui. Akakiweka mezani katikati ya chokoleti.

"Mimi sinywi," akasema. "Lakini nimechoka kuuliza."

"Mama Kimutai," mzee akasema polepole, "usituaibishe mbele ya mgeni."

"Aibu iko wapi? Mgeni amekuja kuonja. Aonje."

Okeyo alinyoosha mkono, lakini Jepleting akamwahi. Akanusa. Nikaona uso wake ukibadilika. Akachukua kipande cha chokoleti nyeusi, ile ya kakao iliyokaangwa sana, ile iliyonikausha mdomo, akaiacha iyeyuke, kisha akanywa. Akafumba macho na kukaa hivyo hivyo. Kikombe akanipa mimi kwanza, si Okeyo, na hilo sitalisahau.

Nikala, nikanywa. Jamani. Waini ilikuwa tamu, nzito, tamu ya zabibu zilizokauka zenyewe, si ya sukari ya duka, na nyuma yake kuna moshi, moshi wa jikoni tunaoujua sisi sote. Uchungu wa chokoleti haukuuma tena, ulishikana na ule utamu, na moshi wa zabibu ukakutana na ile harufu ya kakao iliyokaangwa. Hakukuwa na ugomvi mdomoni. Nilimeza na nikataka kingine.

Okeyo akaonja. Akachukua chokoleti nyingine, akaonja tena.

"Hii iko kiasi gani?"

"Pipa dogo," Jepleting akasema.

"Nachukua lote. Na msimu ujao nataka hii hii, na chokoleti hii hii. Zabibu zikaushwe vivyo hivyo, sijui mlifanyaje, lakini vivyo hivyo. Na usimpe mtu mwingine."

Wote tukamgeukia Mzee Kibii, hata Kimutai, aliyekuwa ameshuka kwenye trekta na kusogea karibu. Maana ilikuwa imebaki kwake. Waini ya mikono yake, ya maisha yake yote, ilikuwa imeambiwa pole mbele ya watu. Hii iliyokuwa inatakwa ni ile aliyoitukana. Angesema hapana, na anajua kusema hapana huyo mzee, trekta ingeingia shambani asubuhi hiyo.

"Baba," Jepleting akasema.

Mzee akanyoosha mkono apewe kikombe. Akaonja bila chokoleti. Akatafuta kipande cha chokoleti, akala, akaonja tena, na akakishikilia hicho kikombe muda mrefu akitazama ndani.

Okeyo akatoa simu yake. "Kwa menyu naandika nini, mzee? Waini ya Kibii?"

"Hapana," mzee akasema. "Andika Jepkoech."

"Jepkoech ndiye nani?" nikauliza, maana mimi siwezi kukaa na swali.

Jepleting alikuwa amenipa mgongo. "Ni mama," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika. Baada ya miezi yote hiyo ndipo alikuwa analia.

Nilikuwa nimeingia hiyo nyumba mara nyingi, nimekunywa chai ya huyo mama, na sikuwa nimewahi kulisikia jina lake. Mzee alimwita Mama Kimutai, au wewe.

"Wewe mzee!" Jepkoech mwenyewe akasema. "Jina langu kwa pombe? Kanisani nitawaambia nini?"

"Waambie nilikuwa hospitali," mzee akamjibu, "na wewe uliniwekea."

Mama akachukua ncha ya leso yake akapangusa macho, haraka haraka, halafu akageuka kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Kimutai! Kabla hujaondoka na hilo trekta lako, panda hapa jikoni uniongezee miti ya kutundikia darini juu ya moto. Zabibu ni nzito kuliko mahindi."

Na Kimutai akavua viatu, akapanda.